Nyama, Mfungo na Kujinyima: Historia ya Sheria ya Kwaresima na Msamiati Wake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Sheria ya Kanisa Katoliki inayowakataza waumini kula nyama katika siku fulani za Kwaresima aghalabu huelezwa kwa njia mbili. Wanateolojia huieleza kama tawi la mafundisho ya toba. Wanahistoria wa uchumi nao hupenda kuieleza kwa kutazama masoko ya samaki, mafuta na siagi. Maelezo yote mawili yana ukweli wake, na hatukusudii kuyakanusha. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba upo upande wa tatu, ambao ni haki ya mwanaisimu kuushughulikia. Sheria isemayo "usile nyama" haiwezi kutekelezwa mpaka watu wakubaliane nyama ni nini. Na sheria isemayo "funga" haiwezi kutiiwa mpaka ijulikane kinachofungwa, na hufungwa hadi wakati gani. Kwa hivyo historia ya sheria hii ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya maneno machache na ya ugomvi uliozuka juu ya maana zake.

Jambo hili si la kale tu. Mkatoliki asemaye Kiswahili ameipokea sheria iliyotungwa kwa Kilatini, akaielewa kwa maneno ambayo baadhi yake yalikuwa yamekwisha kupewa maana na Uislamu wa pwani, na mengine yalikuwa ya Kibantu kabla ya dini hizo mbili kufika. Tutadai kwamba katika safari hiyo tofauti moja iliyo muhimu imefifia, na kwamba inafaa kurudishwa.

2. Siku 40

Kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka wa 325 yaagiza kwamba mmojawapo wa mikutano miwili ya maaskofu ya kila mwaka ufanywe kabla ya ile "arobaini". Neno lililotumiwa ni la Kigiriki, nalo latajwa bila maelezo, kana kwamba kila msomaji alilifahamu. Katika Kilatini arobaini hiyo ikaitwa quadragesima, yaani ya arobaini, na kutokana nalo yakazaliwa quaresima la Kiitalia na Quaresma la Kireno, ambayo umbo la neno letu Kwaresima lakubaliana nayo. Mswahili hahitaji kufafanuliwa uzito wa hesabu hii. Mzazi hutoka arobaini, na marehemu husomewa arobaini yake; kumaliza arobaini ni kuvuka kutoka hali moja kuingia hali nyingine.

Hata hivyo hesabu yenyewe haikutimia mara moja. Dominika si siku ya kufunga. Basi majuma sita ya Kwaresima, kila moja likiwa na siku 6 za mfungo, hutoa siku 36 tu. Papa Gregorio wa Kwanza, aliyefariki mwaka wa 604, alizieleza siku hizo 36 kuwa zaka ya mwaka, kwa kuwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya siku 365. Baadaye zikaongezwa siku 4 mwanzoni ili arobaini itimie, na ndiyo sababu Kwaresima ya Magharibi huanza Jumatano, siku ya Majivu.

Saa ya kula nayo ilihama. Hapo awali aliyefunga alikula mlo mmoja tu, nao jioni. Polepole mlo huo ukasogezwa hadi saa ya tisa ya mchana. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko Mzungu wa leo, kwa maana saa ya tisa ya Warumi, iliyohesabiwa tangu mapambazuko, ndiyo saa tisa yetu hasa. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliitetea saa hiyo kuwa ndiyo ifaayo. Lakini mlo haukutulia hapo. Ukaendelea kupanda mpaka ukafika saa sita mchana. Ushahidi umebaki katika lugha: neno la Kiingereza noon, ambalo leo ni adhuhuri, limetokana na nona, yaani saa ya tisa. Njaa ilivuta jina la saa likapita anga kwa muda wa saa tatu nzima.

Mlo ulipofika adhuhuri, jioni ikawa ndefu. Katika nyumba za watawa palikuwa na desturi ya kusoma jioni maandishi ya Yohane Kasiani yaitwayo Collationes, yaani mazungumzo. Ikaruhusiwa kunywa kidogo wakati wa somo hilo, kisha kutafuna kidogo, hata chakula chenyewe kikarithi jina la kitabu. Tangu hapo collatio ni kile kitafunio cha jioni ambacho hakivunji mfungo.

3. Nyama ni nini?

Iwapo saa ilileta taabu, kitu chenyewe kilileta taabu zaidi. Mwanahistoria Socrates wa Konstantinopoli, aliyeandika katika karne ya 5, asimulia kwamba Wakristo wa wakati wake hawakuwa na desturi moja. Wengine waliacha kila kilichokuwa na uhai. Wengine walikula samaki peke yake. Wengine walikula samaki na ndege pia, wakidai kwamba kwa mujibu wa kitabu cha Mwanzo ndege nao walitokana na maji. Tukitazama vizuri tutaona kwamba hawa wa mwisho hawakuwa wakitafuta njia ya kuikwepa sheria. Walikuwa wakifanya kazi ya mtunga kamusi: wakigawa viumbe katika ngeli, na kutafuta kigezo cha kugawia.

Kigezo kilichoshinda katika Magharibi hakikuwa hicho. Aquinas aeleza kwamba Kanisa lilikataza vyakula vilivyo vitamu mno na vinavyoamsha tamaa za mwili, nazo ndizo nyama za wanyama wa nchi kavu na wa angani, ambao mwili wao wakaribiana na wa binadamu. Mayai na maziwa, kwa kuwa hutoka katika wanyama hao hao, yaliingia katika katazo la Kwaresima, ingawa yeye mwenyewe akiri kwamba desturi za mahali zilitofautiana. Samaki alibaki nje, kwa kuwa alidhaniwa kuwa baridi na asiye na nguvu ya kuchochea damu.

Palipo na mpaka hapakosi wa kukaa juu yake. Gerald wa Wales, akiandika kuhusu Ireland karibu na mwaka wa 1188, alawalaumu maaskofu na watawa waliokula katika siku za mfungo aina fulani ya bata wa bahari, kwa hoja kwamba hawazaliwi na nyama bali huota katika magogo yaliyo majini. Karne kadhaa baadaye mjadala ukahamia katika kinywaji. Chokoleti ilipoenea kutoka Marekani ya Kati, Antonio de León Pinelo alitoa kitabu kizima mwaka wa 1636 kuuliza iwapo chaivunja saumu. Mwaka wa 1664 Kardinali Brancaccio akajibu kwamba kinywaji hakivunji mfungo. Yafaa tusiyacheke mambo haya upesi. Mtu asiyeijali sheria hana haja ya kugombania maana ya maneno yake.

Wala hazikuwa kejeli kwa wote. Katika amri ambazo Karolo Mkuu aliwatolea Wasaksoni waliotekwa, zipatazo mwaka wa 785, mtu aliyekula nyama katika Kwaresima kwa kuudharau Ukristo alihukumiwa kufa, ila padri akithibitisha kwamba alishurutishwa na dharura. Hapa kuacha nyama hakukuwa tena toba. Kulikuwa alama ya kumtii mfalme. Tendo la nje ni lile lile, maana yake nyingine kabisa.

4. Siagi, soseji na samaki

Sheria iliyokataza nyama, mayai na maziwa ilitungwa na watu wa nchi za zeituni. Katika Italia aliyeacha siagi hakuacha kitu kikubwa, kwa kuwa mafuta ya zeituni yalikuwa tele jikoni mwake. Katika Ujerumani, Ufaransa ya kaskazini na nchi zilizo baridi, siagi ndiyo iliyokuwa mafuta ya kila siku, na zeituni ililetwa kutoka mbali kwa bei ghali. Hivyo sheria moja ilikuwa na uzito mbili. Kanisa lilijibu kwa kutoa ruhusa, na ruhusa ikaandamana na sadaka. Huko Rouen mnara mmoja wa kanisa kuu, uliojengwa kuanzia mwaka wa 1485 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, huitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa sababu fedha zilizotolewa na watu walioruhusiwa kula siagi katika Kwaresima zilisaidia kuujenga. Katika Hispania waumini waliotoa sadaka iliyowekwa na hati ya kipapa ya vita vya msalaba waliruhusiwa kula vyakula ambavyo jirani asiye na hati hiyo alikatazwa.

Hapa ndipo tatizo la haki lilipojitokeza. Mwaka wa 1520 Martin Luther alilalamika kwamba Waroma waliwalazimisha Wajerumani kula mafuta ambayo wao wenyewe wasingeyapaka viatu vyao, kisha wakawauzia ruhusa ya kula siagi. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Machi 1522, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, soseji ziliandaliwa katika nyumba ya mpiga chapa Christoph Froschauer mjini Zürich. Froschauer alijitetea kwamba wafanyakazi wake walikuwa na kazi nzito ya kumaliza vitabu kwa ajili ya soko la Frankfurt, na uji peke yake haukuwatosha. Huldrych Zwingli alikuwapo wala hakula. Lakini majuma mawili hayakupita ila alihubiri, na baadaye akachapisha, kwamba Mkristo ana uhuru wa kuchagua chakula. Ndivyo mageuzi ya Kiprotestanti ya Uswisi yalivyoanza mezani.

Wale wasemao kwamba sheria ya kuacha nyama ilitungwa kwa ajili ya kuwanufaisha wavuvi hutegemea mfano wa Uingereza. Mfano huo, ukichunguzwa, wathibitisha kinyume chake. Uingereza ilipokwisha kujitenga na Roma, bunge lake lilipitisha sheria ya siku za samaki mwaka wa 1549, na mwaka wa 1563 likaongeza Jumatano. Sheria hiyo ya pili ilisema waziwazi kwamba shabaha yake ilikuwa kuwaongeza wavuvi na mabaharia, na ikatisha kumwadhibu yeyote atakayeeneza kwamba siku hizo ziliwekwa kwa ajili ya wokovu wa roho. Kama uvuvi ungalikuwa ndio maana ya asili ya desturi hii, isingalilazimu bunge kuwakataza watu kwa adhabu wasiifikirie maana nyingine. Faida ya soko ilifuata desturi, haikuizaa.

5. Kutoka 1917 hadi 1983

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka wa 1917 ulitenganisha kwa makini mambo mawili. La kwanza ni abstinentia, yaani kuacha nyama na mchuzi wa nyama. Mayai, maziwa na mafuta ya wanyama ya kuungia yaliruhusiwa. La pili ni jejunium, yaani kula mlo mmoja kamili kwa siku, pamoja na chakula kidogo asubuhi na jioni. Kuacha nyama kulihusu kila Ijumaa ya mwaka na kuliwapasa wote waliotimiza miaka 7. Mfungo ulihusu siku zote za Kwaresima isipokuwa Dominika, ukawapasa waliotimiza miaka 21 hadi waanzapo mwaka wa 60. Mambo yote mawili yalikutana Jumatano ya Majivu, na Ijumaa na Jumamosi za Kwaresima.

Tarehe 17 Februari 1966 Papa Paulo wa Sita alitoa katiba ya kitume Paenitemini. Siku za mfungo katika Kwaresima zikapunguzwa hadi mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Umri wa kuanza kuacha nyama ukapandishwa hadi miaka 14. Na mabaraza ya maaskofu yakapewa uwezo wa kuweka badala yake matendo mengine ya toba, hasa ya huruma na ya sala. Mkusanyo mpya wa mwaka wa 1983 uliuthibitisha mpango huo, ukashusha mwanzo wa umri wa kufunga hadi miaka 18. Maaskofu wa Uingereza na Wales, waliokuwa wamewaachia waumini wajichagulie tendo la toba la Ijumaa, waliirudisha sheria ya kuacha nyama Septemba 2011. Yaonekana basi kwamba desturi hii haiko njiani kufa.

Lililo zito zaidi katika Paenitemini ni fungu lisilotajwa mara nyingi. Papa anatofautisha nchi zenye neema na nchi zenye ufukara. Katika hizo za kwanza ataka ushuhuda wa kujikana. Katika hizo za pili asema kwamba yafaa zaidi waumini watafute haki katika jamii na kumtolea Mungu mateso waliyo nayo. Kwa maneno mengine, Roma ilikiri kile ambacho mpishi wa Kijerumani wa karne ya 15 alikijua: sheria ya chakula hupimwa na jiko inamotua. Kwa jamaa ambayo nyama huonekana siku za sikukuu pekee, katazo la nyama siku ya Ijumaa hutiiwa bila kujulikana. Na kwa tajiri wa pwani, anayeacha ng'ombe ili ale kamba, hutiiwa bila kugharimu.

6. Msamiati wa Kiswahili

Ukatoliki uliwahi kufika pwani pamoja na Wareno, ambao walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka wa 1593. Kituo hicho hakikudumu baada ya ngome kutekwa mwaka wa 1698, na neno igreja, kanisa, likatuachia gereza. Utume wa sasa ulianza Unguja mwaka wa 1860, na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua kituo cha Bagamoyo mwaka wa 1868. Mmoja wao, Charles Sacleux, ndiye mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka wa 1939. Watu hawa waliikuta lugha iliyokwisha kuwa na msamiati kamili wa kufunga.

Msamiati huo ni wa Kiislamu kwa matumizi, lakini si wa Kiarabu wote kwa asili. Saumu, futari na daku ni maneno ya mfungo wa Ramadhani. Kufunga na kufungua ni vitenzi vya Kibantu, na hata miezi ya Kiislamu huhesabiwa pwani kwa neno la Kibantu: mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea. Wamisionari waliliazima kufunga, wakaliacha futari na daku. Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Mfungo wa Kiislamu hupimwa kwa wakati: tangu alfajiri hadi magharibi mdomo umefungwa, hata kwa maji, jua likichwa umefunguliwa, na nyama ni halali. Mfungo wa Kikatoliki hupimwa kwa kiasi: mlo mmoja kamili, na vingine kidogo. Palipo hesabu ya kiasi, saa ya kufuturu haina kazi, na kwa hivyo jina lake halikuhitajika.

Lakini kitenzi hakiachi maana yake mlangoni. Kufunga ni kuziba kabisa, na msikilizaji wa Kiswahili hutarajia uzibaji. Aambiwapo kwamba Mkatoliki aliyefunga amekula adhuhuri, humwona kuwa mnafiki au mvivu, ilhali huyo hakuvunja kanuni yoyote. Aidha, kwa kuwa kuacha nyama hakukupata jina moja lililokubaliwa na wote, watu husema "kufunga nyama", na hivyo abstinentia na jejunium zikatiwa katika kapu moja. Tofauti iliyolindwa kwa Kilatini ikapotea.

Neno nyama lenyewe lina mtego. Katika asili yake ya Kibantu lahusu mnyama na mwili wake pia. Lakini katika usemi wa kila siku anayeomba nyama buchani hupewa ng'ombe au mbuzi. Kuku huombwa kwa jina lake, na samaki kwa jina lake. Samaki na nyama hukutana katika kitoweo, na kwa wengi wa bara katika mboga. Basi amri "usile nyama", ikisikika kwa sikio la sokoni, yaweza kumruhusu mtu kuku, ambaye sheria yamkataza. Tumerudi kwa wale Wakristo wa Socrates waliokula ndege kwa dhamiri safi. Katekisimu inayotaka kueleweka haina budi kumtaja kuku.

Je, tuchukue neno gani kwa abstinentia? Wako wanaopendekeza mwiko, kwa kuwa ni la Kibantu na lafahamika kila mahali. Hatukubaliani nao. Mwiko wa chakula hushikamana na ukoo, ugonjwa, mimba au rika. Mara nyingi kile chakula huhofiwa kwa madhara yake, na mvunjaji huogopa kupatwa. Haramu nalo lasema kwamba kitu hakifai kuliwa. Sheria ya Kanisa haisemi lolote kati ya hayo. Waraka wa kwanza kwa Timotheo wawaonya waumini dhidi ya watu watakaokataza vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokelewe kwa shukrani. Mkatoliki haachi nyama kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu ni njema. Neno lichukualo wazo hilo tunalo tayari, nalo ni kujinyima. Mtu hunyimwa alicho na haki nacho. Ajinyimapo, mnyimaji na mnyimwa ni mmoja, na kitu hubaki na thamani yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya Kwaresima imebadilika kwa saa, kwa siku, kwa umri na kwa orodha ya vyakula, na kwamba katika kila badiliko maana ya neno fulani ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Tumeona pia kwamba tendo moja la nje laweza kubeba maana ya toba, ya utii kwa mfalme au ya ulinzi wa merikebu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba maandishi ya Kikatoliki ya Kiswahili yatenge mfungo kwa maana ya kupunguza milo, na kujinyima nyama kwa maana ya kuacha aina ya chakula, na kwamba yaeleze bila haya kuwa mfungo huu si ule wa Ramadhani.

Faida ya kujinyima ni kwamba neno lenyewe lauliza swali la pili: kilichonyimwa kimekwenda kwa nani? Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiria Waroma kwamba chakula kinachoondolewa mezani mwa aliyefunga chapasa kifike kwa maskini. Mtu aliyejinyima nyama akaiweka kesho aile amesogeza mlo wake tu. Lugha iliyo na neno kujinyima kando ya neno kumnyima mwenziwe ina uwezo wa kumkumbusha jambo hilo kila anaposema kwamba leo ni Ijumaa.